Mama Spana Anajibu: Mkienda kiwandani, ombeni kuona chumba cha mvua

Tangu nitaje hapa ile ziara ya wapenzi wa magari ya zamani niliyofuatana nayo hadi kiwanda cha kuunganisha magari, barua zimemiminika, na nyingi zinauliza mambo yanayokaribiana. Kwa msomaji mpya: nimefanya kazi kwenye laini ya kuunganisha magari hapa Mombasa hadi kustaafu, na miaka ya mwisho nilikuwa ukaguzi. Kiwanda chenyewe sikitaji. Nina ndugu zangu bado wanakula mle, na mimi mdomo wangu hauna breki.

*Shikamoo Mama Spana. Sisi ni kikundi cha wenye Pijo na Datsun za zamani, watu kama ishirini. Tunataka kuvuka mpaka tuje Mombasa kutembelea kiwanda cha magari. Tuombeje, tuvae nini, na tukishaingia tuangalie nini? Mwenyekiti wetu anasema tukipiga picha na magari mapya inatosha.*
Katibu, Chumbageni, Tanga

Marahaba, Katibu. Mwambie mwenyekiti wako picha na magari mapya hupigwa kwenye duka la magari, tena bila pasipoti.

Andikeni barua kwa meneja wa kiwanda, nakala kwa ofisi ya wafanyakazi, wiki kadhaa kabla ya safari. Semeni mko wangapi na mnafanya kazi gani, kisha mseme mnataka kuona nini hasa. Hilo la mwisho ndilo linalofungua lango. Barua ya "tunaomba kutembelea kiwanda chenu" hulala mezani mpaka ikachakaa. Ukiandika "tunaomba kuona uungaji wa chesisi na majaribio ya mwisho", itatoka kwa karani ipelekwe kwa injinia, naye injinia akishaona kuna watu wanaojali kazi yake, nusu ya safari imekwisha. Ishirini kwa mpigo ni wengi, jigaweni makundi mawili. Na msiombe Jumamosi. Mtakuta laini imelala, mtaonyeshwa mabango.

Mavazi: viatu vya kufunika vidole, si kandambili wala makubadhi. Kanzu na buibui la mikono mipana viacheni siku hiyo, kuna forklifti zinazorudi nyuma na mashine zinazozunguka. Pete, saa, mikufu na mikanda yenye bizimu kubwa vueni kabla ya kuingia. Kuna watu hukasirika wakiambiwa hivyo, wakidhani wanachukuliwa wezi. Sababu ni rangi: chuma kikigusa bodi mpya kinaacha mchirizi, na mchirizi ule mtu mwingine atautolea jasho. Hata wafanyakazi wenyewe vifungo vya ovaroli zao vimefichwa.

Sasa mkishaingia. Laini ya malori ina utamu kuliko ya magari madogo, kwa sababu kila kitu kiko wazi. Chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, huanza ikiwa chali, chini ya gari kukiwa kumetazama dari, na wageni hucheka wakidhani imekosewa. Ekseli, springi za majani na mabomba ya breki vyote hukaa chini ya gari. Chesisi ikiwa chali, fundi anavifunga amesimama wima, anaona anachofunga, vumbi halimwingii machoni kama tulivyozoea gereji. Ikishakamilika sehemu hiyo, hufungwa minyororo, ikanyanyuliwa na winchi na kupinduliwa hewani, ndipo injini na kebini vinashushwa juu yake. Mwombeni anayewaongoza msubiri mpaka muione ikigeuka. Atasema ratiba haimruhusu. Subirini tu.

Halafu chagueni fundi mmoja, mumtazame tangu gari linapofika kwake mpaka linapoondoka. Kikundi nilichokwenda nacho kilitaka kukimbilia injini, nikawazuia kwa kijana aliyekuwa akifunga yu-bolti za springi za nyuma, zile bolti zenye umbo la herufi U. Anaanza na bunduki ya upepo, nati zinasogea mpaka zinagusa, hakazi mpaka mwisho. Anakwenda kwa mshazari: ya mbele kushoto, ya nyuma kulia, kisha zilizobaki. Bunduki anaitundika. Anachukua spana ndefu ya kupimia mkazo, anavuta polepole, inalia *tak*, anaacha hapo hapo. Hamwoni akiongeza "kidogo cha usalama". Mwisho anatoa kalamu ya rangi ya njano, anachora mstari, nusu juu ya nati, nusu juu ya chuma.

Mzee mmoja wetu, ana Pijo 404 anayoipenda kuliko wakwe zake, akauliza mstari ule wa nini. Kijana akamjibu: ukipita mwezi ujao ukakuta mstari umekatika, nati imezunguka, huna haja ya kuigusa kujua. Mzee akauliza kalamu zile zinauzwa wapi.

Nataka mwone jambo hilo kwa sababu gereji zetu tunakaza kwa bomba refu na hasira. Nati iliyokazwa kupita kiasi ni mbaya sawa na iliyolegea: bolti inanyooka, inachoka, siku moja inakatika barabara ya Segera huku mmepakia watoto. Spana ya kipimo si ya viwanda peke yake. Kikundi cha watu ishirini mkichanga, mnapata moja nzuri ya kuzungushana.

Mwisho ombeni kuona chumba cha mvua. Hapo nilipokuwa mimi.

Gari likishawaka, likapimwa breki juu ya rola na taa zikanyooshwa, huingizwa kwenye chumba chenye mabomba kila upande. Mkaguzi anakaa ndani, anafunga milango, maji yanafunguliwa. Kelele yake ni ya mabati wakati wa masika. Mkononi una tochi, lakini tochi ni ya kujipa moyo. Kazi ni ya vidole. Unavipitisha pembe za kioo cha mbele, unavishusha kwenye raba za milango, unavisukuma chini ya zulia upande wa dereva na kuviacha pale kidogo, maana unyevu wa kwanza hauonekani, husikika kama ubaridi. Ukipata ubaridi, usidhani umepata tundu. Maji hayaingii pale yanapotokea. Yanaweza kupenya juu kabisa ya kioo, yakafuata ukingo wa bati, yakashuka ndani ya nguzo, na wewe ukayakuta kwenye pedali ya klachi. Mkosaji mkubwa ni raba ya duara inayoziba tundu la nyaya zinazotoka kwenye injini kuingia ndani. Ikikaa upande kidogo, maji yanafuata waya. Gari la mamilioni limepita vipimo vyote, linarudishwa nyuma na raba ya bei ya andazi.

Nje ya chumba hicho kuna uwanja wa magari yenye vibandiko, kila kibandiko na kosa lake: mlango unagusa, waya umekosea, rangi ina doa. Kiongozi wa ziara atataka kuwapitisha hapo mbiombio. Msikubali. Kiwanda ambacho uwanja huo ni mtupu ama hakikagui, ama kimefagia kwa ajili ya wageni. Mimi huwa na imani zaidi na kiwanda kinachonionyesha makosa yake na mtu anayeyarekebisha.

Swali la kuuliza, kama mtapewa nafasi ya moja tu: fundi wa kawaida akiona kosa, anaruhusiwa kusimamisha laini? Toyota wamejulikana kwa hilo. Sakichi Toyoda, baba yake Kiichiro aliyeanzisha kampuni ya magari, alikuwa mtu wa mitambo ya kufuma, na mtambo wake wa 1924 ulisimama wenyewe uzi ulipokatika. Wazo hilo likahamia kwenye magari: kamba juu ya kichwa cha fundi, akiona kosa anaivuta. Sikilizeni jibu mtakalopewa, na mtazame uso wa fundi aliye karibu wakati meneja anajibu.

Mkipita Horohoro hakikisheni kadi ya njano ya bima imo ndani ya kila gari. Na Pijo zenu mje nazo. 504 ziliunganishwa Kenya kwa miaka mingi, wapo wazee Mombasa wanaozijua kwa kupapasa. Wakumbusheni pia kwamba Safari Rally ya 1966 na ya 1967 ilichukuliwa na Bert Shankland, dereva kutoka kwenu Tanzania, kwa 404. Wakenya tunasahau hilo kwa makusudi.

*Habari Mama Spana. Tulikwenda na walimu wenzangu kuona magari "yanayotengenezwa Kenya". Tulichokiona ni makasha kutoka ng'ambo yakifunguliwa na vipande kufungwa pamoja. Je, tulidanganywa?*
Mwalimu, Nyeri

Hamkudanganywa, Mwalimu, mlifupishiwa. Viwanda vyetu vitatu vya zamani, AVA ya Mombasa, KVM ya Thika na Isuzu East Africa ya Nairobi (iliyokuwa General Motors mpaka 2017), vyote vilizaliwa miaka ya 1970, na kazi yao tangu mwanzo ni kuunganisha. Gari linafika bandarini likiwa vipande ndani ya makasha, vifaa vingine vinanunuliwa hapa nchini: springi za majani, betri, ekzosi, viti, vioo.

Kinachoviweka hai ni ushuru. Gari zima likiingia hulipa ushuru wa forodha. Kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 25, na Kenya ikaupandisha hadi 35 mwaka 2023. Makasha ya viwanda vya kuunganisha hayalipi ushuru huo. Hapo ndipo mshahara wangu ulipotoka, kwa hiyo sitajifanya sina upande.

Mtakapokwenda tena, ulizeni: bodi inafika ikiwa imeshachomelewa na kupakwa rangi, au vyote vinafanyika hapa? Jibu la swali hilo ndilo linalokuonyesha kiwanda kina mafundi wangapi na wa aina gani. Kufunga magurudumu na betri kwenye gari lililokuja karibu zima ni kazi ya wachache. Kuchomelea bodi kutoka kwenye mabati na kuitumbukiza kwenye rangi kunaleta watu wengi, na ujuzi wao hauondoki mkataba ukiisha.

La kwetu kabisa tulijaribu. Mwaka 1986 Rais Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, na 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa Kasarani. Zilikuwa tano za majaribio, zenye kufikia kilomita 120 kwa saa. Watu bado wanazicheka, mimi sizicheki. Zilitembea. Kilichoshinda ni hatua ya pili: kutoka gari moja lililopigwa kwa mkono hadi maelfu yanayofanana, ambapo mlango wa hili unaingia kwenye lile bila nyundo. Hatua hiyo inataka pesa ya kalibu na mashine, na pesa hiyo haikupatikana.

*Mama Spana, mimi ni fundi wa rangi. Kwenye ziara ya kiwanda nilizuiliwa mlangoni mwa chumba cha rangi, wakaniambia nimepaka mafuta ya nywele! Hiyo si dharau? Na kwa nini rangi yao inadumu kuliko yangu?*
Fundi Rangi, Mwanza

Si dharau, fundi, na wewe mwenyewe umeshaonja uchungu wake bila kujua. Mafuta mengi ya nywele, losheni na marashi ya kupuliza yana silikoni. Chembe yake ikitua juu ya bati, rangi hukimbia pale, unabaki na kishimo kidogo cha duara ambacho ukikipaka tena kinarudi. Ulishawahi kupata vishimo hivyo ukaulaumu mkebe wa rangi? Tazama kwanza kama kuna mtu alikuwa anang'arisha dashibodi au matairi kwa ile dawa ya kupuliza ndani ya gereji hiyo hiyo. Kiwandani wanaochukua tahadhari hufika mbali: vipo vinavyofuta vumbi la mwisho kwa brashi za manyoya ya emu, yule ndege wa Australia anayefanana na mbuni, kwa sababu yanashika vumbi na hayaachi nyuzi.

Kudumu kwake kunaanzia chini, kabla ya rangi unayoiona. Bodi huoshwa mafuta, hupitishwa kwenye dawa ya fosfeti, halafu inatumbukizwa nzima kwenye birika la praima, rangi ya chini ya kutangulia, huku umeme ukipita. Umeme ndio unaoivuta praima mpaka ndani ya mikunjo ambayo bunduki yako haifiki, ndani ya milango na nguzo, na huko ndiko kutu huanzia. Kisha inaokwa kwenye tanuri, karibu nyuzi 170 za Selsiasi. Wewe huwezi kuoka hivyo gari lenye nyaya, raba na tangi la mafuta. Utaichoma gereji na jina lako. Ndiyo maana ya kwenu ni rangi ya 2K, inayokauka kwa dawa ya kuchanganya. Siyo mbaya. Ioshe bodi kwa maji na sabuni kwanza, halafu kwa dawa ya kutoa mafuta, kitambaa cha kwanza cha kupakia na cha pili cha kukaushia, usigeuze kimoja. Mwagia maji sakafu vumbi litulie. Na ndani ya mikunjo piga nta ya kuzuia kutu. Mteja hataiona, lakini baada ya masika matatu atakuja kukutafuta akuletee gari la shemeji yake.

Vaa barakoa ya rangi, ile yenye vichujio. Dawa ya 2K haina huruma na mapafu, na kitambaa cha pua hakiisimamishi.

*Dada Mama Spana, mume wangu kila mara yuko ziara za magari na wenzake. Gari la nyumbani haliwaki mpaka lisukumwe. Nifanyeje?*
Niliyechoka, Kilifi

Nenda naye ziara ijayo. Ukifika, uliza mbele ya wenzake wote jinsi ya kupima kama ni betri, alternata au stata. Ataitengeneza Jumapili hiyo hiyo.

*Mama Spana, mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Hannover. Wafanyakazi wenzangu wana klabu ya Golf za zamani, wamenialika kwenda nao Wolfsburg. Inafaa, au ni matangazo ya biashara tu?*
Mtoto wa Kikwajuni, Ujerumani

Matangazo yapo, mwanangu, lakini nenda. Wolfsburg ndiko kwenye kiwanda cha Volkswagen, wanaotengeneza hizo Golf. Pale pana sehemu ya wageni, Autostadt, iliyofunguliwa mwaka 2000. Ina minara miwili ya vioo yenye urefu wa mita 48, kila mmoja unahifadhi magari 400 mapya yanayoshushwa kwa lifti kumfikia mnunuzi. Wenzako watataka kukaa hapo siku nzima. Wewe wavute waende kwenye kiwanda chenyewe, ambacho ni kikubwa hata wageni huzungushwa kwa kigari.

Kitu cha kulinganisha na vyetu ni muda. Kwetu fundi wa lori anakaa na gari moja muda wa kutosha kulijua. Kwenye laini kubwa kama zile, kila kituo kina kama dakika moja, gari linaondoka, lingine limefika. Mtazame mtu anavyopanga miguu yake: hatua mbili kwenda, mkono kwenye kisanduku cha skrubu bila kutazama, hatua mbili kurudi. Roboti za kuchomelea zina cheche na watu wanazipenda, lakini mimi ningetazama miguu.

Kiwanda kile kilianzishwa mwaka 1938 chini ya utawala wa Hitler, na wakati wa vita maelfu ya watu walifanyishwa kazi pale kwa nguvu. Ndani ya eneo la kiwanda, kwenye handaki la zamani la kujikinga na mabomu, pana mahali pa kuwakumbuka. Kwa kawaida halimo kwenye mzunguko wa wapenzi wa magari. Mwombe kiongozi wa klabu aulize mapema.

Mchana wenzako watakukaribisha soseji. Volkswagen wanatengeneza soseji zao wenyewe tangu 1973, na ina namba ya kipuri kama bolti: 199 398 500 A. Ni ya nguruwe. Ipo pia isiyo na nyama, omba hiyo, na ile namba ipige picha utuletee.

*Shikamoo Mama Spana. Nina cheti cha VETA cha umeme wa magari. Kuna ziara ya kiwanda inaandaliwa huku kwetu. Niende na vyeti niombe kazi hapo hapo?*
Kijana, Kibaha

Marahaba. Nenda, vyeti viache nyumbani. Anayewaongoza wageni siku hiyo hana mamlaka ya kuajiri, na ukimtolea bahasha mbele ya watu utamtia aibu. Uliza swali moja la kazi, kwa mfano: waya ukikosewa kwenye laini wanautafutaje, kwa mchoro au kwa kupapasa? Shika jina la kitengo na cheo cha mkuu wake, uandike barua wiki inayofuata ukitaja ulichokiona. Kwenu Kibaha kuna kampuni ya GF wanaounganisha malori ya Kichina ya FAW, kuna na kiwanda cha Nyumbu cha jeshi, huna haja ya kuanza na Dar.

Wakati unasubiri jibu, jifunze kusoma michoro ya nyaya mpaka uisome kama gazeti, kisha tafuta mafunzo ya magari ya umeme. Mabasi ya BasiGo yanaunganishwa Thika, Waganda wana kiwanda cha Kiira huko Jinja, na mafundi wa umeme wanaojua kazi hiyo bado ni wachache. Nyaya nene za rangi ya chungwa utakazoziona kwenye magari hayo zinabeba umeme wa kuua. Usiziguse mpaka mtu mwenye ujuzi akuonyeshe zinavyozimwa, hata kama kila mtu kwenye ziara anaweka mkono apigwe picha.